Mbwa wetu aende nasi Tanga, au abaki alinde nyumba?

Mpendwa Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Njiro, Arusha. Jambo langu ni la mbwa, na najua wapo watakaolicheka, lakini hapa nyumbani limetufanya mimi na mume wangu tuongee kwa mkato, hii ni wiki ya pili.

Mbwa wetu anaitwa Bosi. Ni dume wa miaka mitatu, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, ana kilo 22. Anakula ugali na dagaa, analala nje kwenye kibanda chake, na usiku hakuna anayesogelea geti bila sisi kujua. Tarehe 20 Desemba tunaondoka kwenda Tanga kwa siku kumi: sita kwa mama mkwe wangu Ngamiani, nne kwenye nyumba tuliyokodi Ushongo, Pangani. Mwenye nyumba ya Ushongo amekubali mbwa. Tunakwenda na Noah yetu, mimi, mume wangu, watoto wawili na dada anayetusaidia kazi.

Mwaka jana tulisafiri siku nane tukamwacha Bosi na mlinzi wa jirani. Nilimwachia kiroba cha unga na shilingi 20,000 za dagaa. Tuliporudi tulimkuta amefungwa kwenye mparachichi, mbavu zinahesabika, kamba imemchubua shingo mpaka nyama inaonekana, kupe wamejaa masikioni. Binti yangu mkubwa, ana miaka 11, alikaa chini palepale na tochi ya simu akawatoa mmoja mmoja. Chakula hakugusa. Baadaye akaniambia, “Mama, ulisema atatunzwa.” Mwaka huu amesema Bosi akibaki, na yeye anabaki.

Mume wangu hataki kusikia. Anasema, “Mbwa tulimfuga alinde. Siku ambazo nyumba haina mtu ndizo unataka kumpeleka kuogelea baharini?” Tena anasema ndugu zake watatuona tunajifanya Wazungu. Mimi ni Mkristo, kwao ni Waislamu wa swala tano. Nilimpigia mama mkwe, akanijibu, “Mleteni tu, mwanangu, naye ni kiumbe cha Mungu.” Kwa hiyo upande huo nimeona hauna shida.

Lakini nina hofu. Bosi hajawahi kupanda gari zaidi ya kwenda kwa daktari wa mifugo, na siku hiyo alitoka udenda akatapika. Jirani ameniambia nimpe nusu kidonge cha usingizi alale mpaka Tanga. Chanjo yake ya kichaa cha mbwa ilichomwa tarehe 12 Novemba mwaka jana, ina maana imeisha juzi. Mdogo wangu aliyeko Soweto, Moshi, amesema nimwachie Bosi njiani, ila naona ni kama kumtupa tena. Naye ana mbwa wake jike.

Nifanye nini? Naomba usinijibu kwa kifupi.

Mama wa Njiro

*

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimerudi kwa yule mtoto aliyekaa chini na tochi ya simu. Sioni cha kuchekwa hapo.

Umeuliza kama Bosi aende au abaki. Lakini nikikusoma naona safari hii mmeibebesha mzigo wa mwaka jana. Binti anataka uhakika kwamba neno lako linashika. Wewe unataka kufuta kile mlichokikuta chini ya mparachichi. Mume wako ana hofu ya wezi, na ana hofu ya kusemwa kwao. Bosi mwenyewe hajui Tanga ni nini. Kwa hiyo naomba nikuulize kwanza: kilichomuumiza mwaka jana ni kuachwa, au ni namna alivyoachwa?

Nauliza kwa sababu kiroba cha unga na elfu ishirini si maelekezo. Mbwa wa kilo 22 anayekula ugali anahitaji takriban robo kilo ya unga mkavu na gramu 100 za dagaa kwa siku. Siku nane ni kilo mbili za unga na gramu 800 za dagaa, na dagaa hao hununuliwa na kufungwa kwenye mifuko minane kabla hujaondoka, ili aliyebaki asiamue leo aweke kiasi gani. Kamba nayo: mbwa aliyefungwa mtini huzunguka mti mpaka kamba inaisha, na kila anapovuta inakata zaidi. Huenda yule mlinzi hakuwa mtu mbaya. Aliachiwa mbwa asiyemzoea, akaogopa kumfungua, basi. Sikwambii hivi ili ujilaumu. Nakwambia kwa kuwa kubaki kunaweza kuwa na sura nyingine kabisa, na ni vizuri ukalipima hilo kabla hujaliondoa mezani.

Tuje kwenye kwenda, maana moyo wako umeelekea huko.

Chochote mtakachoamua, chanjo ya kichaa haisubiri. Ukimpeleka kufikia tarehe 22 Novemba utakuwa na siku 28 kamili mpaka siku ya safari, muda ambao madaktari wengine huutaka kabla ya kuikubali kadi ya chanjo. Siku hiyohiyo mwambie daktari aangalie chanjo ya distempa na parvo, magonjwa mawili ya virusi yanayoua mbwa, atoe dawa ya minyoo, kisha umuulize habari ya kibali cha kusafirisha mnyama kutoka mkoa hadi mkoa, ambacho hushughulikiwa na ofisi ya mifugo ya halmashauri. Kadi ya chanjo ipige picha, na yenyewe ibebe. Mbwa wenu akimng'ata mtoto wa watu huko Ngamiani, jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mtoto anapelekwa hospitali hata kama kidonda ni kidogo, na swali la kwanza mtakaloulizwa ni la hiyo kadi.

Dawa ya kupe apewe siku mbili tatu kabla ya kuondoka. Vidonge vya kutafuna na dawa ya kudondoshea mgongoni vyote vinafaa, ila kipimo kinafuata uzito, na kilo 22 ulizoniandikia zipimwe upya kwenye mzani. Usichanganye dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukadiria na kifuniko cha chupa. Mbwa wengi hulegea na kutetemeka kwa njia hiyo.

Ushongo iko ng'ambo ya mto Pangani, upande wa kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na ukanda huo una mbung'o. Ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja, ambayo eneo lake sasa limo hifadhini, ilisumbuliwa na mbung'o kwa miaka mingi mpaka ikafungwa mwaka 2000. Mbwa huugua nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, vibaya kuliko watu wengi wanavyodhani. Wiki moja hadi tatu baada ya kurudi Arusha mwangalie macho: yakiingia ukungu wa bluu, akiwa na homa na hataki kula, nenda kwa daktari siku hiyohiyo na umwambie alikuwa Pangani, kwa sababu bila kusikia hivyo anaweza kutibu homa ya kupe. Saadani yenyewe msiingie naye. Hifadhi za taifa haziruhusu mbwa, na sababu ni nzito: mwaka 1994 distempa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na ugonjwa huo ulihusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani.

Ufukweni kuna mambo mawili ambayo mtu wa bara hayajui. Samaki bunju aliyetupwa na maji, yule anayejivimbisha, ni sumu hata akiwa amekauka, na mbwa anayekula dagaa atamwona kama zawadi. La pili ni maji ya chumvi. Akiwa na kiu atayanywa, kisha ataharisha na kuishiwa nguvu. Mbebee maji baridi na bakuli kila mnapoteremka pwani, na mpumzishe kila baada ya dakika kama 15 za mchezo.

Sasa barabara. Arusha hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 400, na kwa vibao vya 50 vilivyojaa njiani, hesabu saa saba au nane. Sehemu ngumu kwa mbwa ni kuanzia Same kupita Hedaru hadi Mombo. Jua la Desemba pale halina huruma, na nyuma ya Noah ndipo hewa ya baridi inapofika mwisho. Mkiondoka saa kumi na nusu alfajiri mnaweza kuwa mmepita Same kabla jua halijakaza. Kila baada ya muda mtu wa siti ya kati apeleke mkono nyuma ahisi hewa ya pale; dereva kuona baridi mbele hakumsaidii Bosi. Mbwa hatoi jasho kama sisi, hujipoza kwa kuhema. Akihema bila kupumzika, fizi zikawa nyekundu sana, ulimi ukatanuka na mate yakawa mazito kama utando, joto limemzidi. Simameni kivulini, mmwagieni maji ya kawaida kwapani, tumboni, kwenye mapaja kwa ndani na nyayo, mpepeeni kwa nguvu, kisha mtafute daktari hata akionekana amepona. Maji ya barafu muyaache. Na kwenye gari lililozimwa asiachwe hata mnaponunua matunda Mombo, kwa kuwa joto la ndani hupanda takriban nyuzi 10 ndani ya dakika 10.

Mkiwa watano, siti za mstari wa mwisho zikunjwe, mizigo ipande kwenye keria, na Bosi awe kwenye banda la mbao lenye wavu pande zote, lililofungwa kwa mikanda lisiteleze. Fundi seremala atakutengenezea. Anza kupima nafasi ya gari, halafu ndio umpime mbwa: asimame bila masikio kugusa juu, ageuke, alale amenyoosha miguu. Vipimo vikikataa, tafuta mkanda wa kifuani unaofungwa kwenye mkanda wa gari, usiwe wa shingoni. Kumwacha huru nyuma ni hatari. Breki moja ya ghafla na kilo 22 zinakuja kwenye vichwa vya watoto.

Chakula kidogo, robo ya kawaida, muda wa saa nne kabla ya kuondoka, kisha hakuna mpaka Tanga. Maji vikombe viwili vitatu kila kituo. Beba lita 5 zake peke yake. Kituo kiwe kila saa mbili, na kisiwe stendi. Stendi za Mombo na Korogwe chini kumejaa mifupa ya kuku na mbwa wasiojulikana chanjo zao. Kamba ishikwe mkononi kabla mlango haujafunguliwa, maana mbwa wengi hupotea kwenye ile sekunde mtu anapovuta mlango wa Noah. Shingoni avae kibati chenye namba ya simu iliyomo safarini humo. Namba ya nyumbani Njiro haina mtu wa kuipokea.

Kidonge cha usingizi cha jirani naomba ukiweke kando. Dawa hiyo haimwondolei kichefuchefu. Inamnyima nguvu ya kujishika gari linapokata kona, inamvurugia uwezo wa kujipoza, na akitapika akiwa nusu usingizini matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Kuna dawa ya kichefuchefu inayotolewa na daktari wa mifugo. Uulizie hiyo.

Nimechelewa kufika kwa mama mkwe wako kwa sababu hapo ndipo nina wasiwasi zaidi. Umesema hapana shida kwa kuwa alikwambia mleteni. Mama, mtu wa Tanga akiombwa na mke wa mwanawe kwenye simu, unadhani angejibu nini kingine? Kwao mate ya mbwa na majimaji yake ni najisi nzito. Kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa mkavu uani hana tabu kubwa, na dini yao inaruhusu mbwa wa ulinzi. Lakini mpige picha Bosi ambaye hakuzoea joto, udenda unamtoka, ameingia barazani kumtafuta binti yako, amejikung'uta karibu na mkeka wa swala. Mama hatasema neno. Ataosha, atabadili nguo, na magoti yake unayajua wewe.

Ningependa usikie jibu lake la pili. Mpigie wifi yako, huyo atakwambia ukweli, au mumeo aongee na mama yake wewe ukiwa haupo. Swali lisiwe kama Bosi aje. Liwe hivi: “Mama, tukimleta, tumfunge wapi ili baraza na mahali pa kuswalia pasiguswe?” Akitaja mahali bila kusita, kwamba kule nyuma karibu na banda la kuku wa zamani pana kivuli, amekaribisha kweli. Akirudia tu kwamba mleteni, kuna jambo analimeza. Mkienda, Bosi awe na bakuli lake, ndoo yake na mkeka wake kutoka Njiro, unga na dagaa mliozoea mtoke nao Arusha asiharishe kwa kubadilishiwa, na watoto wafundishwe kwamba aliyemshika Bosi ananawa kabla ya kumgusa bibi. Na asipewe mabaki ya pilau: vitunguu humharibu damu.

Kuhusu mume wako, hoja yake ya ulinzi usiipite haraka. Ni kweli kwamba nyumba itakuwa tupu siku kumi, na ni kweli pia kwamba mbwa mwenye njaa aliyefungwa mtini hakulinda kitu mwaka jana. Muulize ni nini hasa angetaka kiwepo getini: mtu wa kulala ndani ya uzio, taa inayowaka usiku, jirani wa kupita asubuhi na jioni? Hayo yanapatikana Bosi akiwepo au asipokuwepo. Akiona hofu yake imechukuliwa kwa uzito, huenda ile ya kuonekana Mzungu ikapungua sauti.

Na Moshi. Umeandika sentensi moja tu, ukasema ni kumtupa. Mdogo wako ni damu yako, yuko kilomita 80 kutoka kwako na ni njiani. Bosi angesafiri chini ya saa mbili badala ya nane, asingekutana na mbung'o wala baraza, na binti angemwona akikabidhiwa na kumchukua wakati wa kurudi. Hasara zake zipo. Yule jike akiingia joto mtapata watoto wa mbwa ambao hakuna aliyewapanga, na uzio wa mdogo wako ukiwa wa michongoma, mbwa mgeni huutoboa usiku wa kwanza akitafuta njia ya Arusha. Ukifikiria upande huo, wakutanishwe wiki mbili kabla, barabarani, kila mmoja na kamba yake, ndipo waingie ndani pamoja. Arusha pia wapo wanaotunza mbwa kwa malipo ya siku. Desemba hujaa mapema, na asiyekubali uone vibanda vyake kabla hujalipa, mpite.

Siwezi kukuchagulia kati ya haya, kwa sababu sijui mama mkwe atajibu nini, na Bosi mwenyewe bado hajaulizwa. Yeye mnaweza kumuuliza kuanzia leo. Siku tatu za kwanza ale chakula chake ndani ya Noah iliyozimwa, milango wazi. Kisha injini iwashwe dakika tano bila kuondoka. Halafu mzunguko wa mtaa, halafu Usa River na kurudi, na Jumamosi ya nne Boma Ng'ombe, tumbo likiwa tupu. Baba watoto ashike usukani siku hizo, na binti akae siti ya kati na daftari: saa mliyoondoka, udenda ulianza mkiwa wapi, alijilaza au alisimama njia nzima, alitapika au la. Mkirudi jioni, msomeeni baba yake kilichoandikwa kabla ya yeyote kusema anachotaka.